Aliyelala Upande Wangu

Asubuhi hiyo Bi Mikate alirudi kutoka zamu, akajitupa kitandani bila hata kuvua soksi, na akakuta upande wake una joto.

Upande wa mumewe ulikuwa wa baridi, na hilo halikuwa ajabu, maana mumewe huondoka alfajiri. Ila upande wake yeye, huu wa ukutani, ulikuwa na joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi, na mto wake ulikuwa umebonyea katikati. Aliupapasa. Akajiambia labda ni jua, ingawa pazia lilikuwa limefungwa na jua lenyewe lilikuwa bado halijafika upande huo wa nyumba. Mtu aliyekesha mbele ya tanuri hana nguvu za kufanya upelelezi. Akalala fofofo.

Bi Mikate lilikuwa jina la mtaani. Alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha mikate, zamu ya usiku, mwaka nenda mwaka rudi, na mikono yake ilijaa alama za kuungua kwa trei. Mumewe alikuwa fundi rangi, na watu wote, hata mama yake mzazi, walimwita Fundi. Huyu kazi yake mchana, yule usiku, kwa hiyo kitanda chao kilikuwa kama kiti cha kinyozi: mmoja akishuka, mwingine anapanda. Walionana jioni tu, Fundi akiingia na madoa ya rangi kwenye nyusi, mkewe akijifunga kitambaa cha kichwa ili atoke.

Kwa wiki walikuwa na usiku mmoja wa kulala pamoja, na usiku huo Bi Mikate huwa hoi. Hadithi ya Fundi ikifika katikati, mwenzake keshaanza kukoroma. Na Fundi alikuwa mcheshi, mtu wa maneno mengi na vituko. Mcheshi asiye na wa kumcheka ni mpweke kuliko watu wote, lakini Fundi hakuwahi kuulalamikia upweke wake. Aliufanyia mzaha, basi, na mkewe akadhani ni mzaha kweli.

Wazo la kukipendezesha chumba lilikuwa la mke.

"Hiki si chumba, ni stoo yenye kitanda," alisema jioni moja, akitazama ukuta uliokuwa umebabuka na kamba ya nguo iliyokatiza juu ya vichwa vyao. "Angalau siku tunayokutana, tukutane mahali pa watu."

"Kwa hela ipi, mke wangu? Hata msumari siku hizi unanunuliwa kwa maringo."

"Kwa mikono. Wewe unapaka nyumba za wenzio kila siku, chumba chako kinakushinda?"

Akachukua mfuko mtupu wa unga, akauchana, na kwenye ile karatasi ya kaki akachora chumba kizima. Kitanda kitoke mlangoni kiende ukutani, kipigwe msasa na vanishi. Trei za mbao zilizotupwa kiwandani ziwe rafu. Shuka mbili kuukuu zishonwe pazia, na pindo lake liwekwe kitambaa cha rangi. Mama mkwe, aliyekaa chumba cha pili, ukuta mmoja na wao, akatoa mkeka wake mpya aliouhifadhi chini ya kitanda. "Wekeni, wekeni," alisema. "Mimi kwangu nani ananiona?" Bi Mikate mwenyewe, kwa mabaki ya kitambaa laini, akajishonea gauni la kulalia. Alilitundika kwenye msumari likingoja siku yake.

Ikabaki rangi. Sasa, fundi rangi hamwagi rangi. Kila kazi inapokwisha hubaki kidogo chini ya kopo, na hicho kidogo ni haki yake. Fundi alikuwa na makopo ya mabaki ya miaka, mengine yamekauka juu yakabaki laini chini. Akayamimina kwenye ndoo moja, akakoroga, na ikatoka rangi inayotoka siku zote mabaki yakichanganywa, yaani tope.

"Tutalala kwenye shimo la choo," Bi Mikate alisema, na wote wawili wakacheka.

Fundi akasita. Kisha akaingiza mkono nyuma ya makopo, akatoa chupa ya soda iliyozibwa kwa kitambaa, nusu imejaa. Akaimimina yote. Nusu chupa, kwa ndoo nzima, ilitakiwa isionekane hata ilipopita. Lakini tope lilianza kugeuka kuanzia katikati, likasafika mpaka kwenye ukingo wa ndoo, likawa rangi ya ganda la yai la bata, kijani ambacho si kijani, buluu ambayo si buluu.

"Hii umeitoa wapi?"

"Baki la kazi moja."

"Kazi gani hiyo?"

"Kazi iliyokwisha," alisema Fundi akikoroga, bila kumtazama.

Bi Mikate hakuuliza zaidi. Ilikuwa rangi nzuri mno, na yeye alikuwa amechoka kwa miaka mingi kutazama ukuta uliobabuka. Wakapaka. Chumba kikatia fora. Majirani walikuja kuchungulia wakisema haiwezekani kimetengenezwa na mabaki matupu.

Kosa la kwanza la chumba kile lilikuwa harufu. Rangi hukauka, harufu ikaenda zake. Hii ilikauka, mkono ukipitishwa hautoki na kitu, lakini harufu ilibaki mbichi, na kila asubuhi Bi Mikate akifungua mlango ilimpokea kana kwamba brashi imeondolewa ukutani muda huo. Kisha likaja lile joto la upande wake. Lilikuja siku moja, likaja na ya pili, na baadaye likawa la kila siku. Siku moja aliokota unga kidogo kwenye shuka, unga mweupe wa ngano, na yeye alikuwa bado hajakanyaga kitandani.

Halafu mama mkwe akasema neno lake. Walikuwa uani wanakunywa chai, mama mkwe ana uso wa furaha ambao Bi Mikate hakuwa ameuona kwa muda mrefu.

"Mwanangu, siwaingilii, ila niseme tu. Mnanifurahisha."

"Kwa lipi, mama?"

"Hivyo vicheko vyenu vya usiku. Jana nililala nacheka peke yangu kama chizi, na wala sijui mlikuwa mnacheka nini. Mkiendelea hivyo mjukuu wangu hayuko mbali."

Bi Mikate alishikilia kikombe. Alitaka kusema usiku huwa niko kiwandani, mama, wewe mwenyewe ndiye unayenifungia mlango nikitoka. Lakini yule mama alikuwa amefurahi, na mtu mzima husahau siku, na labda ni redio. Alimeza chai. Haikuwa na ladha yoyote.

Jioni hiyo alimvizia Fundi mlangoni. Fundi aliingia, akamshika mkono kwa mapenzi, akaugeuza kuelekea taa, na tabasamu lake likapungua.

"Mbona alama zimerudi?"

"Alama zipi?"

"Hizi za trei. Si zilikuwa zimepona? Juzi na jana nimekushika mkono huu huu, laini kabisa. Nikakwambia, ukasema ni mafuta ya msimamizi wenu."

"Fundi." Sauti yake ilitoka ndogo. "Jana nilikuona wapi?"

"Si uliporudi. Siku hizi si mnatolewa mapema? Unaingia watu wamelala, unanukia mikate, unavaa lile gauni lako. Tunaongea weee. Halafu ukiona nimesinzia unarudi kumalizia zamu." Alikuwa akicheka, lakini kicheko kilikuwa kinamfia mdomoni. "Mke wangu, usinitanie."

"Sijawahi kutolewa mapema hata siku moja. Ningetoka saa hizo ningeshamwaga unga zamani. Na lile gauni sijalivaa bado."

Wote wawili waligeuka kutazama msumari. Gauni lilikuwapo, limetundikwa, lakini lilikuwa na mikunjo ya kulaliwa.

Fundi alikaa chini pale pale sakafuni. Akaanza kusema kwa kunong'ona, huku akitazama mlango wa chumbani kana kwamba kuna mgonjwa amelala ndani.

"Ile chupa. Unamjua yule mganga wa nyumba yenye geti la kijani? Aliniita nimpakie chumba kimoja. Chumba kina kitanda, kimetandikwa vizuri, na halali mtu. Rangi aliichanganya mwenyewe, akanipa. Akaniambia, Fundi, ukimaliza unirudishie kopo, brashi, hata kile kitambaa cha kufutia mikono. Tone lisitoke nje ya nyumba hii."

"Ukarudisha?"

"Nikarudisha vyote."

"Vyote?"

"Isipokuwa ile chupa." Aliinamisha kichwa. "Ilikuwa rangi nzuri, mke wangu. Tangu nianze kazi sijaona rangi inayokaa ukutani vile. Ningeimwagaje?"

Bi Mikate alitakiwa kumkasirikia, na hasira ilikuja kweli, lakini woga ulikuwa umeshatangulia kukaa. Na kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi ya woga. Fundi aliposema tunaongea weee, uso wake ulikuwa umenawiri.

Asubuhi iliyofuata Bi Mikate hakulala. Alichukua kisu cha mumewe cha kukwangulia, akafungua pazia ili mwanga wote uingie, akaanza kukwangua ukuta kuanzia juu ya kitanda. Alijua chini yake kuna rangi ya zamani, nyeupe iliyochafuka, na chini ya hiyo kuna plasta. Rangi ilitoka vipande vipande, ikaanguka mkekani, na chini yake palikuwa na rangi ile ile ya ganda la yai. Akakwangua zaidi. Rangi ile ile. Akaingia kwenye plasta, akachimba kwa ncha, na mchanga uliomwagika mikononi mwake ulikuwa na rangi ile, na alipoendelea, huku akihema, huku jasho likimwingia machoni na harufu mbichi ikizidi kukolea mpaka akaihisi kwenye ulimi, akafika kwenye tofali lenyewe, akavunja pembe yake, na ndani ya tofali, pale ambapo brashi ya mtu yeyote haikuwahi kufika wala isingeweza kufika, palikuwa na rangi ile ile nzuri, tulivu, inayong'aa kidogo kama imepakwa jana.

Nyuma yake kitanda kikalia, kama kinavyolia mtu akikaa.

Hakugeuka. Alijua kabisa kwamba mlango umefungwa, kwamba mama mkwe yuko uani anaanika nguo maana alisikia maji yakikamuliwa, kwamba nje ni mchana mweupe na watu wanapita wakipiga soga zao, na kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale watu ambaye angeweza kumsaidia kwa jambo la kugeuza shingo na kutazama nani amekaa kitandani mwake.

"Unaharibu chumba chetu," ilisema sauti.

Haikuwa na ukali. Ilikuwa sauti yake yeye mwenyewe, ila haina uchovu ndani yake, na kwa namna fulani hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Kisu kilimponyoka. Alitoka mbio hadi uani, akajikuta amejificha nyuma ya shuka mbichi kwenye kamba, na mama mkwe anamuuliza kulikoni, na yeye analia bila kuweza kutamka lolote. Ikabidi amweleze mama mkwe mambo yote. Yule mama alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Baadaye alinong'ona, "Kumbe nilikuwa nacheka na nani?" na hakumaliza kuanika.

Mganga wa geti la kijani alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye miwani, anayeongea kama karani aliyechelewa kufunga ofisi. Aliwapokea Fundi na mkewe barazani. Hakuwaalika ndani. Alipoiona tu sura ya Fundi alivua miwani.

"Nilikwambia nini, Fundi?"

"Mzee, nisamehe," alisema Fundi, akamweleza yote, mpaka habari ya gauni.

"Chumba changu kimekuwa kimya tangu ulipomaliza kazi. Nikajipongeza. Nikasema huyu sasa amepapenda. Kumbe amehama!" Aliifuta miwani kwa shati, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Sikilizeni. Huyu hana ubaya wa kuvunja vyombo wala kukaba watu. Anachotaka ni mahali pa kukaa na mtu wa kukaa naye. Rangi ile ndiyo inayomwambia kwamba hapa ni kwako. Mmempa chumba, mmempa kitanda, mmemtundikia na gauni. Kwa nini aondoke?"

"Tumtoe vipi?" Bi Mikate aliuliza.

"Aliyepaka ndiye mwenye kauli. Jioni, muda ule unapotoka kwenda kazini, yeye ndipo anapojitayarisha kuchukua nafasi yako. Utavaa nguo zako za kazi, utasimama ndani. Mumeo akifumba macho na kumwita mke wake, atakuja. Mtakuwa wawili. Fundi atatazama, atamwambia mmoja neno moja tu, toka. Atakayeambiwa ataondoka, apende asipende, miguu yake yenyewe itamtoa, na hataweza kuvuka kizingiti hicho tena. Mimi nitakuwa mlangoni na nguo yangu. Nitamfunika, nitamrudisha kwenye chumba chake, na mara hii nitaweka kufuli."

"Na akikosea?" aliuliza Bi Mikate. "Wewe mzee hutaweza kumtambua?"

"Mimi sitamtambua. Hata mama yako mzazi asingemtambua." Mganga alirudisha miwani usoni. "Lakini mtu na mke wake, mama. Atakosea vipi?"

Njiani Bi Mikate alimshika mumewe mkono. "Utanijua, Fundi?"

"Sasa hilo nalo swali?" Akamkandamiza vidole. "Nitakukosaje mke wangu?"

Mganga alikuwa na safari, akasema atakuja keshokutwa. Wakakubaliana kwamba mpaka siku hiyo Fundi alale sebuleni, kwenye benchi, mlango wa chumba ufungwe. Bi Mikate hakuwa na jinsi ya kukwepa zamu. Alikwenda kazini roho ikiwa juu, akaunguza trei nzima, akasemwa na msimamizi. Asubuhi alikuta blanketi la Fundi limekunjwa vizuri juu ya benchi. Alifungua chumba kwa ncha za vidole, akaweka kiganja kitandani.

Pande zote mbili zilikuwa na joto.

Kisha akatandika kitanda, akanyoosha shuka mpaka ikakaa sawa, akaenda kujilaza kwenye benchi. Hakumwambia mama mkwe. Hakumuuliza Fundi. Alijipa moyo kwamba labda kile kitu sasa kinalala pande zote mbili, na alijua anajidanganya, lakini mwanamke aliyechoka ana haki ya uongo mmoja wa kumfikisha kesho.

Siku ikafika. Mganga alikuja jioni na nguo nyeusi ndefu mkononi, akamweka mama mkwe nyuma yake kwenye ukumbi, akamwonya asiongee na kitakachotoka, kiseme kitakachosema. "Wanajua kulia hawa," alisema. "Usimwonee huruma." Mama mkwe alitikisa kichwa kukubali.

Ndani ya chumba, Fundi alikaa kwenye ukingo wa mkeka. Bi Mikate alisimama karibu na mlango na ovaroli lake jeupe, kitambaa kichwani, mfuko wa chakula chake cha usiku begani. Mlango ulirudishwa. Mwanga wa jioni ulipenya pindo la pazia, na palipochimbwa ukutani hapakuonekana tena, pamejazika penyewe. Harufu ya rangi mbichi ilikuwa nzito, na chini yake, taratibu, ikaja harufu ya mikate iliyotoka motoni.

"Ita," mganga alisema kutoka nje.

Fundi alifumba macho. "Mke wangu," aliita, na Bi Mikate akashtuka, kwa sababu aliita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita.

Yule mwingine alikuwa amekaa kitandani. Hakuonekana akiingia, alikuwapo tu, na gauni la kulalia, miguu ameikunja upande kama anavyoikunja Bi Mikate. Alikuwa ni yeye. Ni paji lile, meno yale, kidevu kile, mkono ule ule unaopenda kushika shingo. Lakini alikuwa ni yeye aliyelala vizuri, yeye ambaye hajawahi kuondoka nyumbani jua likizama, ambaye macho hayajamvimba na magoti hayamuumi, ambaye hadithi ikisimuliwa anaisikia mpaka mwisho na anacheka panapostahili kuchekwa, na Bi Mikate, aliyekuja chumbani humo akiwa tayari kuona kwato au macho ya moto, alijikuta anamtazama yule mwanamke na badala ya kupiga kelele anamwonea wivu, wivu mkali wa kuchoma kifua.

"Mume wangu," alisema yule wa kitandani kwa utaratibu, "mruhusu mwenzangu aende. Atachelewa kazini."

"Fundi, ni mimi," Bi Mikate alisema. "Ni mimi huku. Nitazame."

Fundi alifumbua macho.

Bi Mikate alikuwa amejitayarisha kwa macho yanayohangaika, yanayopiga huku na huku yakitafuta tofauti. Hayakuhangaika. Yalimwendea yeye moja kwa moja, yakatulia usoni mwake, na yalikuwa yamejaa machozi.

"Najua," Fundi alisema. "Wewe ndiye mke wangu."

"Basi mwambie huyu atoke."

Kule kitandani yule mwingine hakuwa na haraka, ameegemeza kichwa ukutani.

"Sema neno, Fundi!" mganga alihimiza kutoka nje. "Mwanga unakwisha!"

"Unakuja umechoka," Fundi alisema kwa kunong'ona, machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu. "Unaondoka umechoka. Si kosa lako, najua, Mungu anajua. Lakini mimi hata nikifa humu ndani ungejua baada ya zamu."

"Usifanye hivyo," alisema Bi Mikate. "Fundi. Nakuomba. Usifanye hivyo, jamani."

Fundi akamtazama mkewe. "Toka," alisema.

Miguu ya Bi Mikate ikageuka. Alishika fremu ya mlango, kucha zikakwaruza rangi, lakini miguu haikuwa yake tena, ilitembea, ikamvusha kizingiti, na mara giza likamwangukia kichwani, giza zito la kitambaa, na mikono yenye nguvu ikamkumbatia na kumfunga.

"Nimempata!" alipaza sauti mganga. "Fungeni mlango! Fungeni!"

Mlango ukapigwa nyuma yake, na komeo la ndani likaingia.

"Mama!" Bi Mikate alilia ndani ya kitambaa. "Mama, ni mimi! Si yeye, ni mimi, mkweo! Mama, mkeka wako, si ulinipa wewe mwenyewe mkeka wako?"

"Ee Mungu wangu," alisema mama mkwe, akirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. "Mpaka sauti kaichukua. Mpaka mambo yetu anayajua."

"Usimjibu, mama. Nilikwambia wanalia."

"Mzee, mimi ni mtu," Bi Mikate alisema. "Nishike mikono uone. Mimi ni mtu."

"Wote husema hivyo," mganga alijibu, bila chuki yoyote, akimsukuma taratibu kuelekea nje, huku akitembea upesi kama mtu anayetaka kufika kwake kabla giza halijaingia. "Twende. Kitanda chako nimekutandikia."

Alijaribu kurudi. Kila alipovuta mwili kuelekea nyumbani, miguu ilikataa. Kupitia kitambaa aliwasikia majirani wakifunga madirisha, na nyuma kabisa, kwenye ukumbi, akamsikia mama mkwe akigonga mlango wa chumba kwa kiganja, akiita kwa sauti iliyokatika kwa kwikwi.

"Mwanangu! Mkwe wangu! Uko salama humo ndani?"

Kisha sauti ya Bi Mikate ikajibu kutoka chumbani, changamfu, haina uchovu hata chembe.

"Niko salama, mama. Usilie. Leo siendi kazini."